Jibu kwa dada wa Morogoro: kwanini matibabu yasiwe bure tu, na je ulipie bima au usilipie?

Swali lenyewe kwa kifupi, nimelipunguza kidogo: "Mi ni mama lishe, nipo kijijini mkoa wa Morogoro. Nililipia CHF, mfuko wa afya ya jamii, elfu thelathini ya familia, nikampeleka mtoto zahanati anakohoa na homa, wakapima malaria hana, wakaandika dawa ya kifua, dawa hamna, nikaambiwa nikanunue duka la dawa. Nikarudi tena na mama yangu wa presha, hivyo hivyo. Sa hivi tunaambiwa bima ya afya kwa wote inakuja na ni lazima. Kwanini serikali isikusanye kodi ikarudisha matibabu bure kama enzi za Mwalimu? Na mimi binafsi nilipie tena au niache?"

Dada, shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi marahaba. Maswali yako ni mawili ila katikati hapo kuna la tatu ambalo hujaliuliza na ndo kubwa kuliko yote: hela ikishatoka, iwe ya kodi au ya kadi, inaifikiaje ile zahanati yako? Mi nimekaa miaka kwenye timu ya afya ya halmashauri kabla sijahamia kwenye mambo ya uchumi wa afya, na watu tunagombana sana kuhusu bure na bima alafu hilo la tatu tunalisahau kabisa.

Tuanze na enzi za Mwalimu. Ni kweli matibabu kwenye vituo vya serikali yalikuwa bure, na baada ya Azimio la Arusha zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi ambayo nchi nyingi jirani hazikuwa nayo, mwaka 1977 hata udaktari binafsi wa biashara ukapigwa marufuku kwa sheria. Lakini muulize mzee yeyote aliyeugua miaka ya 80 mwanzoni, baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta kupanda na dola kukauka. Zahanati ipo, mganga yupo, kabati tupu. Kuanzia 1983 hivi zahanati za vijijini zikawa zinaendeshwa na masanduku ya dawa ya msaada, Wadenmark kupitia Danida pamoja na UNICEF, sanduku likifika mwanzo wa mwezi wiki mbili zijazo limeisha. Kwahiyo ile bure ilikuwa bure ya mlangoni. Sheria ya 1977 ililegezwa 1991, na 1993 serikali ikaanza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, ilianza na hospitali kubwa alafu ikashuka taratibu hadi huku kwetu chini. Haikuwa roho mbaya, hela ilikuwa imeisha kweli, ingawa mi naona uchangiaji wenyewe ulipangwa vibaya na nitakwambia kwanini.

Kama unataka kuona nchi iliyofanya hicho unachosema, Uganda walifanya. Mwaka 2001, kwenye moto wa uchaguzi, wakafuta malipo kwenye vituo vya serikali. Maskini waliokuwa wanakaa nyumbani na homa zao wakajaa vituoni, na hiyo ni faida kubwa sana usiidharau, inaonyesha kumbe hata elfu moja ilikuwa inawazuia watu. Lakini dawa zikawa zinaisha haraka, watu wakaandikiwa wakanunue nje, na watafiti walipokuja kupima walikuta maskini wanatumia huduma zaidi ila mzigo wa matumizi ya mfukoni haukushuka kama ilivyotarajiwa. Yaani ni stori yako wewe, tofauti hao hawakuwa na kadi. Wewe umelipa elfu thelathini ukaenda duka la dawa, mwenzako wa Uganda hajalipa kitu akaenda duka la dawa.

Sasa hapo ndo tuingie kwenye zahanati yako. Umesema kipimo cha malaria kilikuwepo lakini dawa ya kifua hamna. Hiyo haikutokea kwa bahati. Vipimo vya malaria, dawa mseto, dawa za TB, ARV, chanjo, hivi vyote kwa sehemu kubwa vinalipiwa kwenye miradi mikubwa yenye fedha za wafadhili, vinapita kwenye mfereji wao na vinafika bila zahanati kutoa hata shilingi. Amoxicillin ya mtoto, dawa ya presha ya mama, dawa ya sukari, glovu, pamba, hivyo zahanati inatakiwa inunue kwa hela yake. Na hela yake inatoka wapi? Kuna inayoletwa na serikali kuu na kukaa kwenye akaunti ya kituo kule Bohari ya Dawa, yaani MSD, kuna fungu la mfuko wa pamoja wa afya, yaani kapu moja la hela za wafadhili wa afya, na kuna makusanyo yenyewe, ya papo kwa papo, ya CHF na ya NHIF, bima ya afya ya taifa.

Mganga mfawidhi anajaza fomu ya kuomba dawa, inapita kwa mfamasia wa wilaya, inaenda MSD. MSD nao wananunua vingi nje ya nchi kwa oda za miezi mingi mbele na kwa miaka kadhaa wameidai serikali yenyewe madeni makubwa, kwahiyo mtaji wao unayumba na wewe kijijini unaiona hiyo yumba kwa sura ya kabati. Kitu kikikosekana MSD sio mwisho wa safari, kuna utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji mmoja wa mkoa aliyeshindanishwa na bei zake zimeshakubaliwa, kituo kinachukua kwake kilichokosekana. Ulianza Dodoma 2014, Morogoro yenu na Shinyanga wakafuata, alafu ukaenda nchi nzima. Utaratibu mzuri kabisa, mmoja wa mizuri niliyowahi kuiona, na umebuniwa hapahapa. Ila mshitiri anataka hela mkononi. Kama madai ya CHF yamekwama mkoani miezi minne na akaunti ina elfu sitini, mganga atamfuata mshitiri na nini? Anakuandikia ukanunue duka la dawa muhimu pale senta, basi. Na ndio, wapo wanaoiba, sisemi hawapo, nimekaa kwenye vikao vya kuwasikiliza. Lakini ukiniambia tatizo lote ni wizi nitakukatalia, mara nyingi hesabu ya maoteo, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika, ilikosewa na hela haikuwepo.

Tuje kwenye ile elfu thelathini. CHF imeanza kama majaribio Igunga mwaka 1996, sheria yake ikapita 2001, ikabadilishwa 2018 ikawa CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu sita elfu thelathini kwa mwaka. Gawa mwenyewe: elfu tano kwa mtu kwa mwaka, mia nne na kitu kwa mwezi. Hiyo hela inatakiwa ilipe dawa, vipimo, mpaka rufaa ya hospitali ya mkoa. Serikali ilikuwa imeahidi tele kwa tele, ukitoa thelathini na yenyewe inaweka thelathini, lakini hata hiyo ikija yote kwa wakati (na haikuwa inakuja hivyo) unapata elfu kumi kwa kichwa. Mama yako wa presha peke yake, akipewa dawa zake kila mwezi kama inavyotakiwa, anamaliza mchango wa nyumba nzima kabla mwaka haujafika nusu.

Na wanaojiunga ni nani? Chukua kijiji cha kaya elfu moja, mia ndo wamelipa. Hao mia sio wale mia wenye afya njema, ni wale wenye mama wa presha, mtoto wa kifafa, mjamzito. Wewe unacheza kikoba najua, mama lishe gani hachezi, sasa fikiria kikoba ambacho mtu anaruhusiwa kujiunga siku msiba umeshamfika, kitamaliza mwezi? Ndo kilichotokea kwa Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walikuwa wanamkatia mtoto akishaumwa, NHIF wakasema waziwazi matumizi yamezidi michango kwa mbali, mwaka 2023 wakabadili utaratibu watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule, na kelele zikawa kubwa nchi nzima. Mi niliwaelewa wazazi na niliuelewa mfuko pia. Ndo maana serikali inataka iwe lazima, ili wazima na wagonjwa waingie pamoja. Kimantiki ni sahihi.

Tatizo langu na hiyo lazima ni kwamba lazima kwenye karatasi haikusanyi hela. Mwalimu au polisi utamkata kwenye mshahara, NHIF tangu ianze 2001 inakata asilimia tatu kwa mtumishi na mwajiri anaongeza tatu, mtu haulizwi. Wewe mama lishe tutakukata wapi, kwenye sufuria? Muswada wa kwanza wa bima kwa wote ulipopelekwa bungeni 2022 ulijaribu kubana watu kwa kufunga bima na vitu kama leseni ya udereva, na ikawa inatajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, watu wakawaka na muswada ukarudishwa ukafanyiwe kazi. Uliopita Novemba 2023 ni mlaini zaidi na una kitu kizuri ndani yake ambacho watu hawakisemi sana, nitakifikia.

Majirani wametuonyesha hii tayari. Kenya wamefuta NHIF yao wakaanza SHA, mfumo wao mpya wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara rasmi anaulizwa maswali kwenye simu au kompyuta, nyumba ya bati au nyasi, una ng'ombe, mnapikia nini, sistimu inakadiria kipato chake na kumpangia mchango, chini kabisa shilingi 300 zao kwa mwezi, ila alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Waliojiandikisha ni mamilioni kwa mamilioni. Wanaolipa kutoka sekta isiyo rasmi ni kipande kidogo tu. Sio kwamba Wakenya wabishi, mtu wa bodaboda hana hela ya mwaka mzima kwa siku moja, na ile mashine ya kukadiria inamkadiria mjane kama tajiri kisa ana nyumba ya tofali aliyoachiwa na marehemu.

Rwanda ndo wanatajwa kila semina, na ni kweli mutuelle, bima yao ya jamii, imefika zaidi ya asilimia 80 ya watu, ukienda kituo cha afya unatoa faranga 200 unatibiwa. Lakini tukitaka kuiga tuige yote. Kule mwenyekiti wa kijiji mpaka meya wa wilaya wanasaini mikataba ya utendaji na uandikishaji wa mutuelle ni kimojawapo cha wanachopimwa, maskini kabisa serikali inawalipia, na juu ya michango kuna hela nyingi ya serikali na wafadhili inashikilia mfuko. Michango ya wananchi peke yake isingetosha hata kule.

Nchi ambayo mimi naona inatufundisha zaidi ni Thailand, na inashangaza tunavyoitaja kidogo. Walihangaika miaka karibu ishirini na kadi za kununua kwa hiari vijijini, kadi za maskini, kadi za hiki na kile, hazikuungana. Mwaka 2002 wakaamua: aliye na ajira rasmi ana mfuko wake, mtumishi wa serikali ana wake, wengine wote waliobaki, karibu robo tatu ya nchi, wanalipiwa na kodi ya jumla, wakifika kituoni wanatoa baht 30 tu, alafu baadae hata hiyo 30 ikaondolewa kwa muda. Hakuna kumtafuta mama lishe na risiti. Aliyeipigania sana ni daktari mmoja, Sanguan Nitayarumphong, ambaye alikuwa ametumika vijijini na anajua kabati tupu likoje. Na hawakuwa matajiri wakati huo, walikuwa wametoka tu kwenye msukosuko wa uchumi wa 1997.

Ila sikiliza vizuri, baht 30 haikufanya kazi kwa sababu ni 30. Ilifanya kazi kwa mambo mawili. La kwanza, miaka ya 80 walikuwa wameshajaza hospitali za wilaya vijijini, na daktari akimaliza chuo lazima akatumike vijijini kwanza, utaratibu tangu mapema miaka ya 70. La pili, hela ya kodi haikwenda kwa mazoea ya mwaka jana ulipewa kiasi gani, ilikwenda kwa kichwa. Kituo kina watu elfu kumi walioandikishwa kwake, kinapewa kiasi kadhaa kwa kila mmoja kwa mwaka, waugue wasiugue. Hapo kituo kina sababu ya kukuelimisha upunguze chumvi maana presha ikikupata, matibabu yake ya kawaida ni gharama ya kituo. Sisi NHIF kwa miaka mingi imelipa kwa madai, umepima kitu jaza fomu ulipwe, na mlipaji wa namna hiyo ataletewa vipimo hata visivyohitajika, alafu siku akijaribu kubana bei ni ugomvi, kama ule wa Machi 2024 kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei zake, kilipoanza na hospitali binafsi kadhaa zikagoma kupokea kadi, wagonjwa wakabaki wanazunguka mjini.

Kwahiyo msimamo wangu mimi, na wenzangu wengine wa fani hii hawakubaliani nao, ni huu. Ngazi ya chini, yaani zahanati na kituo cha afya, ilipiwe na kodi kwa kila mtu, bila kadi, bila kuulizwa wewe ni nani. Homa, presha, sukari, kliniki ya mama na mtoto, kuzaa, kushona jeraha. Bima ibaki kwa ajili ya hospitali, ya wilaya kwenda juu: upasuaji, kulazwa, kusafisha figo, saratani, vitu vinavyomfilisi mtu. Hapo mchango una maana hata kwa mzima maana anajua ajali haina hodi, na maskini walipiwe mchango huo na serikali kwa orodha ambayo TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, tayari inayo sehemu kubwa. Kenya kwenye karatasi wamepanga karibu hivyo, wana mfuko wa huduma za msingi unaotokana na kodi, tatizo lao ni bajeti kuuachia mfuko huo hela kidogo na zinachelewa.

Utaniuliza hela iko wapi. Kile kitu kizuri nilichosema kwenye sheria ya 2023 ndo hicho: imetaja vyanzo vya kumlipia asiyejiweza, kodi za soda na vinywaji vyenye gesi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, miamala ya kielektroniki. Mi naipenda hiyo ya soda na kubeti maana anayekunywa na anayebeti ndo tunakutana nae wodini baadae, wa kwanza na sukari na wa pili na msongo wa mawazo, natania kidogo. Lakini vyanzo kutajwa kwenye sheria na hela kufika ni vitu viwili, lazima bunge lipange kila mwaka kiasi gani kinaingia na kitangazwe. Nchi zetu zilikaa Abuja mwaka 2001 zikaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na Tanzania bado iko mbali na hapo. Na fedha za nje zilivyoyumba mwaka 2025 baada ya Marekani kukata misaada, ule mfereji wa dawa mseto na ARV niliokwambia na wenyewe hauna uhakika kama zamani, ukikauka hata kipimo ulichopimiwa mtoto itabidi zahanati inunue. Hilo ndo linalonikosesha usingizi kuliko bei ya kadi.

Na hela ikipatikana ipite wapi? Hapa kwa mara moja Tanzania tunajisifu kwa haki. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja zinatoka hazina moja kwa moja mpaka akaunti ya benki ya zahanati, haziishii tena halmashauri kwenye mikono kumi. Kituo kina mpango wake, kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani, kinanunua kinachokosekana. Kabla ya hapo nilishuhudia zahanati inakosa sabuni ya elfu mbili na fungu lake lipo wilayani limelala linasubiri saini. Mfereji huo upo, umejaribiwa, unafanya kazi. Uongezewe maji tu, na kila kituo kipewe kwa kichwa, na kilicho mbali na barabara kiongezewe kidogo.

Nilisema uchangiaji ulipangwa vibaya, nieleze. Tulipoanza kutoza tulisema mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mzee wa miaka 60 asiyejiweza, wenye TB, hawa wana msamaha. Vizuri sana. Lakini hakuna aliyesema msamaha huo kituo kinarudishiwa na nani. Kwahiyo kila mjamzito anayetibiwa bure ni hasara kwa zahanati, na zahanati ikijaa hasara inafanyaje? Inakwambia njoo na glovu, pamba, wembe na uzi wa kitovu. Wanasiasa wanagomba manesi majukwaani, nesi hana kosa, amepewa amri bila pesa. Mageuzi yoyote yatakayotangaza kundi fulani watibiwe bure, swali la kwanza la kuuliza ni nani anakilipa kituo na lini. Hata lile la kuzuia maiti mpaka ndugu walipe bili, ambalo linaumiza kila mtu, linatokana na shina hilohilo, hospitali ina deni na haina wa kumdai isipokuwa wafiwa. Ukiipiga marufuku bila kuilipa hospitali, itabana upande mwingine, labda mlangoni wakati mtu bado yuko hai.

Gharama nyingine ambayo hakuna kadi inaigusa ni njia. Majengo tumejenga sana miaka hii, vituo vya afya vimechipuka kila tarafa, lakini watumishi tunao wachache sana kuliko wanaotakiwa, na mjamzito wa kijiji cha mtoni anatoa nauli ya bodaboda kubwa kuliko bei ya matibabu. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga ipo M-mama, piga 115 bure, dereva wa jirani aliyesajiliwa anakuja na analipwa na mfumo, ilienea nchi nzima kuanzia 2022. Kama wanawake wa kijijini kwako hawaijui waambie leo. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka wilayani nazo nzuri, watu wanapata huduma ambayo wangeifuata Muhimbili, ila bingwa akishaondoka mama yako wa presha anarudi kwa yuleyule mganga mmoja, na huyo mganga ndo anatakiwa kuwa na dawa.

Sasa lako binafsi. Kama mama yako unaishi nae kaya moja na ana presha, lipia. Najua umeumia, ila usihesabu amoxicillin ya mtoto, hesabu siku ambayo mama atahitaji kulazwa hospitali ya wilaya au mkoa, pale ndo kadi inaokoa maana dawa hospitali zinapatikana kwa uhakika kidogo kuliko zahanati. Ila ukumbuke rufaa: anza zahanati, uandikiwe barua, ukienda moja kwa moja mkoani bila barua na sio dharura kadi haitakusaidia na utaona kama umetapeliwa. Kabla hujalipa muulize afisa uandikishaji vitu vitatu na akuonyeshe kwa maandishi, kadi inaanza kufanya kazi lini, inaishia hospitali gani, na nani kwenye familia hawaingii. Huu mfumo unabadilika kwa awamu, usilipie kitu kwa maneno ya mwaka juzi.

Kama mngekuwa vijana watupu wazima na hela yenyewe ni ya mtaji wa mchele, nisingekulaumu ukisubiri kidogo, ingawa wenzangu wa bima wakisoma hapa watanirushia mawe.

Na dawa zikikosekana tena usiondoke kimya. Omba mganga aandike kwenye cheti chako kwamba dawa haipo, tunza na risiti ya duka. Mapato na matumizi ya zahanati yanatakiwa yabandikwe ubaoni, kayasome, kama hayapo muulize mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ni mwanakijiji mwenzenu huyo, na muulize swali moja tu: mwezi huo mshitiri alipelekewa oda au hakupelekewa? Akisema haikupelekwa kwa sababu madai ya CHF hayajalipwa, hilo si la mganga tena, ni la mkoa, na diwani wako ndo wa kulibeba kwenye baraza la halmashauri. Bajeti za halmashauri zinapikwa kuanzia Januari hadi Machi hivi, mkiwa akina mama kumi wenye vyeti vilivyoandikwa "dawa haipo" na risiti zake mkazipeleka kwenye mkutano wa kijiji kabla ya hapo, inaingia kwenye muhtasari, na mimi niliyekuwa naandaa hizo bajeti nakuhakikishia kitu kilichoandikwa kwenye muhtasari wa kijiji kinasumbua zaidi kuliko simu ya mbunge.